Imetengwa au imetolewa? Namna ya kulisoma jibu la waziri bungeni

"Mheshimiwa Spika, Serikali inatambua changamoto ya maji katika jimbo la Mheshimiwa Mbunge. Katika mwaka huu wa fedha Serikali imetenga bilioni 2 kwa ajili ya mradi huo, na utekelezaji utaanza kadiri fedha zitakavyopatikana."

Jibu hili nimelibuni, lakini mwenye mazoea ya kufuatilia vikao vya bunge atalitambua mara moja. Kulisoma hakumalizi dakika. Mbunge anasimama, anashukuru kwa majibu mazuri (karibu kila jibu huwa zuri), kisha anaomba kuuliza swali la nyongeza. Jioni kichwa cha habari kinasema serikali yamwaga bilioni 2. Wananchi wanaanza kuhesabu siku. Mwaka unapita, hakuna hata mtaro uliochimbwa, na kila mtu ana hakika kwamba waziri alidanganya.

Hakudanganya. Alisema "imetenga", waliomsikiliza wakasikia "imetoa". Uongo bungeni upo, nitaufikia, ila ni nadra kuliko tunavyodhani. Kinachotuponza mara nyingi ni jibu la kweli kabisa lililosikilizwa nusunusu.

Pesa ya umma hupita milango kadhaa kabla ya kugeuka bomba au dawati. Wizara huomba, kiasi kikaingia kwenye makadirio. Hapo ndipo neno kutenga linapozaliwa. Bunge likishapiga kura, kiasi hicho kimeidhinishwa, maana yake wizara imeruhusiwa kutumia hadi kiwango hicho na isizidishe. Ruhusa yenyewe haina noti ndani. Makadirio yalitungwa kwa kukisia kodi zitakazokusanywa, mikopo itakayopatikana na misaada itakayowasili. Mwaka ukianza na makusanyo yakawa pungufu, hazina huachia pesa kwa vipande, na hutangulia kulipa yasiyosubiri: mishahara, riba, marejesho ya madeni. Miradi ya maendeleo husimama mwisho wa foleni. Fungu lililoidhinishiwa bilioni 2 linaweza kufunga mwaka likiwa limepata milioni 300, na hakuna aliyevunja sheria.

Hazina ikishapeleka pesa, hapo ndipo zimetolewa. Bado hazijatumika. Huenda zimelala kwenye akaunti zikisubiri zabuni, au mkandarasi amesaini mkataba na kuchukua malipo ya awali tu. Na zikishatumika, bado kuna swali la mwisho ambalo hati ya malipo haiwezi kulijibu: bomba linatoa maji? Hilo ni la mkaguzi.

Watu wa bajeti hawayachanganyi maneno haya hata usingizini, na wanaoandika majibu ya mawaziri ni watu wa bajeti, au wanakaa nao meza moja. Kwa hiyo kitenzi kilichomo kwenye jibu kimechaguliwa. Jibu likiruka kutoka "imetenga" moja kwa moja hadi "itaendelea", basi "imetoa" ilitafutwa ikakosekana.

Kuna na mbinu nyingine ndogondogo. Mbunge anauliza kuhusu zahanati moja, anajibiwa kwa jumla ya zahanati za nchi nzima. Anauliza kuhusu mwaka huu, anapewa hesabu ya miaka mitano iliyojumlishwa, ili tarakimu inenepe. Anauliza kuhusu ujenzi, anaambiwa upembuzi yakinifu (uchunguzi wa kama mradi unawezekana) umekamilika, jambo ambalo huenda ni kweli na huenda lilikuwa kweli vilevile miaka mitatu iliyopita. Kuna pia kalenda. Tanzania na Kenya hufungua mwaka wa fedha tarehe 1 Julai, Uingereza na India mwezi Aprili. Waziri akisema mwanzoni mwa Julai kwamba kazi itafanyika "katika mwaka ujao wa fedha", amejipa mwanya wa kuanza baada ya miezi 12 na kumaliza baada ya 24, akiwa hajachelewa hata siku moja.

Sasa, nani huliandika jibu hilo? Mara nyingi si yule anayelisoma. Mbunge huwasilisha swali kwa maandishi kwenye ofisi ya bunge, siku kadhaa kabla. Uingereza, swali la kujibiwa kwa mdomo hupelekwa angalau siku 3 za vikao kabla. India notisi ni siku 15. Ofisi ya bunge hulipima kwanza: linahusu jambo lililo chini ya waziri huyo? Linatafuta taarifa, au ni hotuba iliyovishwa alama ya kuulizia? Liko mahakamani? Likipita, linakwenda wizarani, linashuka hadi kwa ofisa wa idara anayeujua mradi, anaandika rasimu, mkurugenzi anaipunguza, katibu mkuu anaipunguza tena. Kila anayeishika kalamu anaondoa kitu kinachoweza kuleta matata. Ikifika kwa waziri, au kwa naibu wake ambaye ndiye atakayesimama kusoma "kwa niaba ya", rasimu imekwisha kuwa laini kama kokoto la mtoni. Nyuma yake kuna kurasa nyingine ambazo hazisomwi: maelezo ya kumkinga waziri dhidi ya maswali ya nyongeza yanayotarajiwa. Kurasa hizo ndizo ningependa kuziona siku moja.

Ukiijua njia hii utaelewa kwa nini swali la msingi lenye "Je, ni lini Serikali itajenga" huzaa jibu butu. "Lini" inampa mwandishi wa jibu nafasi ya kutaja wakati usio na tarehe, na "kadiri fedha zitakavyopatikana" ni wakati usio na tarehe. Linganisha na hili: "Katika bilioni 2 zilizoidhinishwa kwa mradi huu mwaka jana, kiasi gani kilikuwa kimetolewa hadi tarehe 31 Machi, na kililipwa kwa nani?" Swali hili lina kiasi, lina kitenzi, lina siku. Ofisa wa idara hana pa kujificha. Ama ana tarakimu ama hana, na vyote viwili ni habari. Mbunge anayeuliza hivi hapati makofi. Wapiga kura wake wangependa asikike akidai barabara kwa sauti, naye anajua. Ndiyo maana "lini" haifi.

Swali la nyongeza ndilo lenye uhai, kwa sababu halikupita wizarani. Mbunge amesikia jibu sasa hivi na anaweza kuligusa pale lilipo laini. Hansadi, ile taarifa rasmi ya kila neno linalosemwa, imejaa nyongeza zilizopotezwa bure: mbunge anatumia nafasi yake kusimulia mateso ya jimbo, anamwomba waziri "afike ajionee mwenyewe", waziri anakubali kwa furaha kufuatana naye baada ya mkutano wa bunge, wote wanakaa. Mwaliko umechukua mahali pa swali.

Waingereza wametengeneza ujanja wao. Kila Jumatano saa sita mchana Waziri Mkuu hujibu maswali kwa nusu saa. Kabla ya 1997 vilikuwa vipindi viwili vya dakika 15, Jumanne na Alhamisi. Swali lililoandikwa huuliza tu shughuli zake za siku hiyo ni zipi. Hakuna anayejali shughuli zake. Swali hilo la ganda limewekwa ili nyongeza iweze kuwa juu ya jambo lolote duniani bila Waziri Mkuu kuonywa. Kanada waliondoa hata ganda: dakika 45 kila siku ya kikao, bila notisi, na kila swali na kila jibu havizidi sekunde 35 hivi. Ukitazama utaona mapungufu ya njia hiyo pia. Sekunde 35 zinatosha kutupiana vijembe. Hazitoshi kueleza kwa nini pesa ya hospitali haikutoka. Kwa hesabu, nipeni swali la maandishi lenye jibu la maandishi. Halionekani kwenye televisheni, lakini lina jedwali. Lok Sabha, ukumbi wa chini wa bunge la India, huweka hadi maswali 20 ya mdomo kwa siku moja, na ya maandishi hadi 230. Mtafiti au mwandishi wa habari mwenye njaa ataanzia kwenye hayo 230.

Na si kila anayeuliza anataka kujua. Waaustralia wana jina la swali linaloulizwa na mbunge wa chama tawala ili waziri wake apate kujisifu: huliita kwa jina la Dorothy Dix, mwandishi wa safu ya ushauri aliyedaiwa kujitungia mwenyewe maswali ya wasomaji wake. Nasi tunayajua, ijapokuwa hatujayapa jina: "Je, Waziri yuko tayari kulieleza Bunge mafanikio..." Mbaya zaidi ni swali lililonunuliwa. Mwaka 1994 gazeti moja la Uingereza lilifichua tuhuma za wabunge kulipwa ili waulize maswali ya kumfaa mfanyabiashara, na kashfa hiyo ikachangia kuundwa kwa kamati ya maadili ya viongozi wa umma. India, Desemba 2005, wabunge 11 walifukuzwa bungeni baada ya kunaswa na kamera za siri wakipokea pesa za maswali.

Waziri anaweza pia kukataa kujibu, na sababu nyingine ni halali: usalama wa nchi, shauri lililoko mahakamani, siri ya mtu binafsi, au gharama ya kukusanya takwimu kuwa kubwa mno. Ile inayostahili kutazamwa kwa jicho kali ni "hilo ni suala la kampuni, si la wizara". Serikali nyingi hupeleka pesa nyingi kwenye mashirika inayoyamiliki yenyewe, umeme, reli, bandari, kisha mbunge akiuliza anaambiwa shirika lina bodi yake. Ujerumani mgogoro huu ulifika Mahakama ya Katiba. Wabunge walikuwa wameuliza kuhusu shirika la reli la Deutsche Bahn, ambalo hisa zake zote ni za serikali, na kuhusu usimamizi wa mabenki. Majibu yakaja nusu. Tarehe 7 Novemba 2017 mahakama ikaamua kwamba serikali ilikiuka haki ya bunge ya kujibiwa. Kampuni ikiwa mikononi mwa serikali, ilisema kwa kifupi, serikali haiwezi kujifanya mgeni kwayo.

Yote haya yanachukulia kwamba waziri anaketi bungeni. Si kila mahali. Marekani, katiba inakataza mtu mwenye wadhifa wa serikali kuwa mjumbe wa Congress, kwa hiyo hakuna kipindi cha maswali. Kuna kamati, ambako waziri huitwa na kuhojiwa kwa saa nyingi, mara nyingi baada ya kula kiapo, na kusema uongo mbele ya kamati ni kosa la jinai. Kenya ilifuata mfumo wa namna hiyo katika katiba ya 2010: waziri si mbunge, ila kamati ikimwita ni lazima aende na ajibu. Wabunge wakalalamika kwamba maswali ya wananchi yanapotelea kwenye vyumba vya kamati. Kanuni zikabadilishwa, na kuanzia 2023 mawaziri wakaanza kuja kujibu mbele ya bunge zima. Binafsi naona kamati huchimba zaidi na ukumbi huonekana zaidi, na aliyepunjwa Kenya kwa miaka ile alikuwa yule raia anayetaka kumwona waziri akibanwa kwa macho yake.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi hulikosa, nami nililikosa kwa muda mrefu. Waziri akijibu kuhusu pesa, anajibu kama mwanasiasa: kwa nini tumechagua daraja hili kabla ya lile. Anayejibu kwa senti yenyewe ni mtu mwingine, Afisa Masuuli, ambaye kwa kawaida ni katibu mkuu wa wizara. Sahihi yake ndiyo inayobeba hesabu, na ndiye anayeitwa na kamati ya hesabu za serikali kueleza hoja za mkaguzi. Bunge la Uingereza lilianzisha kamati yake mwaka 1861, na desturi ya kuipa mwenyekiti kutoka upinzani imeenea katika mabunge mengi yaliyorithi mfumo huo. Tofauti hii ina makali. Uingereza, katibu mkuu akiona matumizi anayoagizwa hayana tija, anaweza kumwandikia waziri kumtaka atoe amri kwa maandishi. Amri ikitoka, nakala huenda kwa mkaguzi mkuu na kwa kamati. Juni 2015 ilitokea hivyo kuhusu ruzuku ya pauni milioni 3 kwa shirika la hisani liitwalo Kids Company. Katibu mkuu alipinga, mawaziri wakaamuru, pesa zikaenda. Wiki chache baadaye shirika likafunga milango, na barua ikabaki kuonyesha nani alisema nini. Mbunge akimwuliza waziri jambo ambalo jawabu lake liko kwenye leja, amebisha hodi mlango wa jirani.

Nimeahidi kuufikia uongo. Katika mabunge ya mfumo wa Uingereza, kulipotosha bunge kwa makusudi ni kosa linaloweza kumwondoa waziri, na aliyekosea bila kujua hutakiwa kusahihisha mapema. Aprili 2018 Amber Rudd, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, aliiambia kamati kwamba wizara yake haikuwa na malengo ya idadi ya wahamiaji wa kuondoshwa nchini. Nyaraka zikaonyesha malengo yalikuwepo. Alisema hakukusudia kupotosha, na akajiuzulu. Angalia kwamba kilichomponza ni jibu wazi. Angesema "suala hilo linafanyiwa kazi" angekuwa salama. Hapa pana kichekesho kichungu cha mfumo mzima: adhabu humfika anayejibu moja kwa moja akakosea, na anayezungukazunguka hana wa kumgusa, maana Spika katika mabunge mengi si mwamuzi wa ubora wa jibu.

India wamejaribu kuliziba pengo hilo kwa njia ninayoipenda. Tangu 1953 Lok Sabha ina kamati ambayo kazi yake ni ahadi za serikali tu. Ina orodha ya misemo, na waziri akitamka mmojawapo, "nitalitazama", "linashughulikiwa", tayari ameweka ahadi. Huandikwa, na wizara hupewa miezi 3 kuitimiza au kuomba muda zaidi. Ule msemo ambao kwingine ni mto wa kulalia, kule unafunguliwa jalada.

Pesa na swali la bungeni wamezaliwa pamoja, kwa kweli. Swali la kwanza lililohifadhiwa kwenye kumbukumbu za Uingereza liliulizwa mwaka 1721 na Earl Cowper katika Nyumba ya Mabwana: ni kweli kwamba mtunza fedha wa kampuni ya South Sea, iliyokuwa imefilisi watu wengi, amekamatwa Brussels? Na swali la pesa linaweza kumla waziri hata akitoka chama kimoja na muulizaji. Desemba 1957 Feroze Gandhi, mbunge wa chama tawala cha India na mkwe wa Waziri Mkuu Nehru, alishikilia jambo lililokuwa limeanza kwa maswali ya kawaida: kwa nini shirika la bima la taifa lilinunua hisa za kampuni za mfanyabiashara mmoja, Haridas Mundhra, ambazo hazikuwa na afya? Uchunguzi wa hadhara ukafanywa na Jaji M. C. Chagla. Februari 1958 waziri wa fedha, T. T. Krishnamachari, akaondoka.

Ila mbunge aliyejibiwa ovyo ana silaha nyingine, nayo inangoja msimu wa bajeti. Bunge la Tanzania likiketi kama Kamati ya Matumizi, mafungu ya wizara hupitiwa kimoja kimoja, na kwenye kifungu chenye mshahara wa waziri mbunge husimama kutaka ufafanuzi wa sera. Asiporidhika, hutangaza kwamba anashika shilingi: anapendekeza mshahara wa waziri upunguzwe kwa shilingi moja. Shilingi haiwaumizi mawaziri. Kinachouma ni kwamba jambo linageuka hoja, wenzake wanachangia, na mwisho linaweza kupigiwa kura, wakati jibu la asubuhi la swali la kawaida halipigiwi kura na mtu. Mara nyingi waziri hutoa maelezo ya ziada, pengine na tarehe, kisha shilingi inarudishwa. Muda ukiisha kabla ya hapo, mafungu yaliyobaki hupitishwa kwa mkupuo na shilingi za watu wengi hubaki mifukoni.

Desturi hii ni kongwe kuliko mabunge yetu, na kuna siku iligeuka balaa. Tarehe 21 Juni 1895, huko London, mbunge wa upinzani St John Brodrick alidai kwamba jeshi halina akiba ya kutosha ya baruti. Waziri wa Vita, Henry Campbell-Bannerman, akajibu kwamba ipo ya kutosha. Brodrick akapendekeza mshahara wa waziri ukatwe pauni 100. Ukumbi ulikuwa na watu wachache, na hakuna aliyetarajia kitu. Kura zikahesabiwa: 132 kwa 125, mshahara ukatwe. Serikali nzima ya Lord Rosebery ikajiuzulu. Campbell-Bannerman mwenyewe alikuja kuwa Waziri Mkuu miaka kumi baadaye.